Mbaazi na Jua: Uhakiki wa Filamu na Matangazo ya Kuwatetea Watoto Wanaosingiziwa Uchawi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii hufundishwa katika madarasa yetu kama onyo kwa mtu mvivu atafutaye visingizio. Lakini ndani yake mna jambo zito zaidi ya hilo. Mbaazi haukosi maua bila ya sababu. Pengine udongo umechoka, pengine mvua haikunyesha, pengine mkulima hakupalilia. Kulitaja jua ni kuikwepa kazi ya kuichunguza sababu yenyewe. Tena jua limechaguliwa kwa kuwa halijibu. Anayesingizia kwa kawaida humtafuta yule asiyeweza kujibu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi sinema, televisheni na redio zilivyotumika kuwatetea watoto wa mitaani wanaosingiziwa uchawi, hasa katika jiji la Kinshasa, na kwa kulinganisha, nchini Nigeria na Zambia. Hoja tutakayoitetea ni moja. Kampeni inayolirudia neno la mshtaki, hata kama hulirudia kwa huruma, humsaidia mshtaki. Kampeni inayofaa ni ile inayomgeuzia swali aliyesingizia, kwa lugha ya nyumbani kwake, na kumwonyesha mtoto kuwa ni mtoto.

Huenda mwalimu au mwanafunzi akauliza kwa nini mkusanyo wa insha juu ya utamaduni wa taifa letu ushughulikie mambo ya Kinshasa. Jibu ni kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni jirani yetu, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Isitoshe, swali la nani alaumiwe nyumba inapopatwa na msiba si swali la Kongo peke yake. Tutalirudia mwishoni.

Tuhuma hizi si mila za kale

Watu wengi, wenyeji na wageni, hudhani kwamba kumwita mtoto mchawi ni desturi ya Mwafrika tangu enzi za mababu. Dhana hii yafaa ipimwe kwa ushahidi wa lugha na fasihi yetu wenyewe. Tunayo methali isemayo: mchawi mpe mwana akulelee. Maana yake ni kwamba ukimshuku mtu kwa ubaya, mkabidhi kile unachohofia atakidhuru, ili aibu na dhamana zimzuie. Tazama jinsi wahusika walivyopangwa. Mchawi ni mtu mzima, na mtoto ndiye anayehofiwa kudhuriwa. Katika ngano nyingi za kwetu hali ni hiyo hiyo. Zimwi au kizee ndiye mwenye hila, na mtoto ndiye anayeponea chupuchupu kwa akili yake.

Watu wa Kongo nao walikuwa na imani yao juu ya kindoki, yaani uchawi, na ndoki, yaani mchawi. Lakini kuwafukuza watoto majumbani kwa maelfu ni jambo la miaka ya karibuni. Mtaalamu wa Ubelgiji, Filip De Boeck, katika kitabu juu ya Kinshasa alichokitoa mwaka 2004 pamoja na mpiga picha Marie-Françoise Plissart, amelieleza jambo hili kama mgeuko mkubwa wa fikra za jamii. Mtoto, aliyekuwa fahari ya ukoo, amekuwa mtu wa kuogopwa ndani ya ukoo wake.

Mgeuko huo haukuanguka kutoka mbinguni. Uchumi wa nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati huo, ulibomoka katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu. Mnamo Septemba 1991, na tena mwanzoni mwa 1993, askari waliokosa mishahara walipora maduka na viwanda, na raia wakafuata. Kazi zilipotea. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Ukimwi nao ukaacha mayatima. Yatima akapelekwa kwa mjomba ambaye naye ana watoto wake na hana mshahara. Mwingine akabaki na mama wa kambo. Sahani ikawa moja na mikono ikawa mingi.

Hapo ndipo mbaazi ulipoanza kulisingizia jua. Baba akifukuzwa kazi, mtoto. Mtoto mchanga akifariki kwa homa, yule mkubwa ndiye aliyemla. Na watoto wanaotajwa hawatajwi ovyo. Ni yatima, ni mtoto wa kambo, ni mwenye kifafa, ni kilema, ni anayekojoa kitandani, ni anayeota usiku akapiga kelele, ni mkaidi, na wakati mwingine ni yule mwenye akili kupita wenzake. Kwa ufupi, ni yule ambaye nyumba ilikuwa tayari imemwona mzigo. Mara nyingi wakubwa humpeleka kwa mhubiri wa mojawapo ya makanisa ya uamsho, na huko tuhuma hupigwa muhuri. Mtoto hufungishwa kula na kunywa kwa siku kadhaa, hupigwa, hata hutiwa pilipili machoni, mpaka akiri. Akishakiri, nyumba haimtaki tena.

Basi mtoto wa mitaani na mtoto anayesingiziwa uchawi, mara nyingi, ni mtoto mmoja aliye katika hatua mbili za njia moja. Kinshasa humwita shege. Naye akishalala barazani mwa soko hushukiwa upya, kwa sababu watu husema kwamba atembeaye usiku ana lake jambo.

Kioo kilichotangulia kushtaki

Mtu anayetaka kuvitumia vyombo vya habari kumtetea mtoto huyu hapana budi akumbuke kwamba vyombo hivyo hivyo vilitangulia kumshtaki. Baada ya serikali kulegeza udhibiti wa utangazaji katika miaka ya 1990, vituo vingi vya televisheni vilifunguliwa Kinshasa, na baadhi yake vikawa mali ya makanisa. Vituo hivyo vilirusha mahubiri na shuhuda, pamoja na michezo ya kuigiza iliyotungwa na vikundi vya wacheza tamthilia waliokuwa pia waumini. Mtaalamu Katrien Pype, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya michezo hiyo, ameonyesha jinsi mchezo wa televisheni ulivyokuwa sehemu ya mahubiri. Filamu za Nigeria nazo zilionyeshwa huko huku msimulizi akizitafsiri kwa Kilingala.

Mfano unaojulikana zaidi ni filamu ya Nigeria iitwayo End of the Wicked, ya mwaka 1999, iliyotokana na huduma ya mhubiri Helen Ukpabio. Humo tunaonyeshwa watoto wakiingizwa katika chama cha wachawi, wakikutana usiku, na kuleta maangamizi katika familia. Mhubiri huyo ameitetea kazi yake kwa hoja kwamba ni tamthilia tu kama tamthilia nyingine. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana mhakiki anayetaka kila hadithi ya kutisha ipigwe marufuku atatuachia fasihi maskini. Hata ngano zetu zina mazimwi.

Tofauti iko katika fani. Katika ngano, msimulizi hutuambia tangu mwanzo kwamba hapo zamani za kale paliondokea. Tunavushwa mto na kupelekwa katika nchi nyingine, na hadithi ikiisha tunarudishwa. Katika filamu ya aina hii hakuna mto wa kuvuka. Nyumba ni kama ya mtazamaji, sebule ni kama yake, na mtoto ni sawa na yule aliyeketi mkekani akitazama pamoja naye. Aidha, kamera huiga ndoto ya mshtaki. Kile ambacho mama wa kambo alikishuku gizani sasa chaonekana mbele ya macho yake kama kitu kilichotokea. Mtuhumiwa wa kawaida hudai ushahidi. Mtoto huyu ameonyeshewa ushahidi uliotengenezwa na mafundi wa taa na ya rangi. Hapo tamthilia imeacha kuwa tamthilia, imekuwa shahidi wa mashtaka.

Huruma yenye kasoro

Kampeni kubwa ya kwanza ya picha iliyopata sifa duniani ilihusu Nigeria. Mnamo Novemba 2008 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha filamu ya hali halisi iitwayo Saving Africa's Witch Children, iliyohusu watoto waliofukuzwa, kujeruhiwa na kutupwa katika jimbo la Akwa Ibom, pamoja na raia wachache wa Nigeria na Uingereza waliojitahidi kuwapa hifadhi. Filamu ilipata tuzo mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2008 jimbo la Akwa Ibom lilitunga sheria ya haki za mtoto ambayo ndani yake kumwita mtoto mchawi ni kosa. Hayo si mafanikio madogo, na mhakiki mwenye haki hana budi kuyataja kwanza.

Hata hivyo hebu tulitafakari jina la filamu. Kwa Kiswahili ni kama kusema: Kuwaokoa Watoto Wachawi wa Afrika. Maneno machache, makosa matatu. Kwanza, watoto wameitwa wachawi. Mtengenezaji hakuamini hivyo, bali alitaka kuwashtua watazamaji. Lakini neno alilolichagua ni neno la mshtaki. Pili, jimbo moja la nchi moja limegeuzwa kuwa bara zima. Tatu, kitenzi kuokoa kinamtaka mwokozi, na hadhira ya filamu, iliyoketi majumbani kwake London, inaalikwa kujiona kuwa ndiye. Mama aliyemfukuza mwanawe hakuwa katika hadhira hiyo. Yeye ndiye mwenye funguo za mlango, naye hakuambiwa neno.

Baadaye shirika la Stepping Stones Nigeria, lililohusika katika juhudi hizo, lilishirikiana na watengeneza sinema wa Nigeria kuitoa filamu ya kubuni iitwayo The Fake Prophet. Hatua hii ilikuwa ya busara kuliko ilivyoonekana. Ilitambua kwamba uongo uliosemwa kwa fani ya filamu za Nigeria, kwa waigizaji na mandhari wanayoyajua wananchi, haujibiwi kwa filamu ya kigeni yenye msimulizi wa kigeni. Hujibiwa kwa fani ile ile, sebule ile ile. Jina lenyewe limegeuza mashtaka, kwani anayetajwa sasa ni nabii wa uongo, si mtoto.

Kinshasa machoni mwa kamera

Mwaka 2012 zilitoka filamu mbili zilizotengenezwa Kongo na wageni. Ya kwanza, Kinshasa Kids, ni ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg. Inachanganya hali halisi na ubunifu. Watoto waliofukuzwa majumbani kwa tuhuma za uchawi wanaunda kundi la muziki wakisaidiwa na mwanamuziki Bebson, na watoto wanaoigiza wanatoka katika mitaa hiyo hiyo. Filamu haifichi ibada za kufukuza pepo wala ukatili wa mtaani. Lakini ubora wake hauko hapo. Uko katika jambo ambalo hadhira inalifuata kwa shauku: je, onyesho la muziki litafanyika? Vyombo vitapatikana? Nani ataimba? Baada ya muda mtazamaji amesahau kuuliza kama watoto hawa ni wachawi au si wachawi, kwa sababu amepewa swali jingine lililo bora. Hilo ni jibu kubwa kuliko kanusho lolote. Mtoto ameonyeshwa akifanya kazi.

Udhaifu wa filamu hiyo ni kwamba wazazi hawasikiki vya kutosha. Mkosaji yuko pembeni, na mji mzima umekuwa mkosaji. Mtazamaji anatoka akiwapenda watoto bila ya kujua ni kitu gani kifanyike ili mwingine asifukuzwe kesho.

Filamu ya pili ni Rebelle, ya Kim Nguyen wa Kanada. Komona, msichana mdogo katika nchi isiyotajwa jina, analazimishwa na waasi kuwaua wazazi wake, kisha anapewa bunduki. Anapoanza kuiona mizimu inayomwonya juu ya adui, mkuu wa waasi anamfanya kuwa mchawi wake. Hapa kuna fundisho la kisiasa lililofichika. Uchawi wa mtoto ni cheo kinachotolewa na wakubwa kwa faida ya wakubwa. Ukiwafaa, ataheshimiwa. Usipowafaa, atatupwa. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Mizimu ya filamu hii nayo haileti madhara, bali inadai kuzikwa, na mwisho wake ni mtoto kutimiza wajibu wa kuwapumzisha wazazi wake. Msiba umeitwa msiba.

Aliyeigiza nafasi ya Komona ni Rachel Mwanza, ambaye pia alionekana katika Kinshasa Kids. Alikuwa mtoto wa mitaani wa Kinshasa, aliyefukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Mnamo Februari 2012 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Berlin, na mwaka 2014 akatoa kitabu juu ya maisha yake. Magazeti mengi yalifurahia hadithi ya mtoto aliyetoka jalalani akapanda jukwaani. Tufurahi nayo. Lakini tusidanganyike. Mtoto asiwe na haki ya kulala ndani mpaka ashinde tuzo ya Berlin. Kipimo cha kampeni si yule mmoja aliyetukuka, bali ni wale wengi ambao hawatatukuka kamwe, na ambao wanastahili chakula cha jioni na kitanda kwa sababu tu wamezaliwa.

Swali la mpiga simu

Filamu inayolichambua suala la vyombo vya habari kwa ukali zaidi, kwa maoni yetu, ni I Am Not a Witch ya mwaka 2017, iliyotungwa na kuongozwa na Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia. Shula, mtoto wa miaka minane au tisa asiye na wazazi wanaojulikana, anaonekana kijijini. Mwanamke mmoja akajikwaa na kumwaga maji, na mtoto yule alikuwa karibu. Basi mtoto ni mchawi. Anapelekwa polisi, kisha kwenye kambi ya vikongwe waliofungwa kwa utepe mrefu mweupe ili wasiruke. Ofisa wa serikali, Bwana Banda, anamchukua ili amfaidie. Mtoto anatumiwa kuwatambua wezi, anatakiwa kuleta mvua, na hatimaye anapelekwa kwenye kipindi cha televisheni, ambako Bwana Banda anatangaza mayai ya kuuza yenye jina la Shula.

Katika kipindi hicho mtu anapiga simu na kuuliza: je, kama huyu ni mtoto tu? Studio nzima inapoa. Bwana Banda, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, hana la kusema. Tutazame mtunzi alivyolipanga tukio hili. Swali halikutoka kwa mtangazaji, ambaye ndiye mwenye kazi ya kuuliza. Halikutoka kwa polisi wala kwa hakimu. Limetoka kwa msikilizaji aliye nyumbani. Wala msikilizaji huyo hakuhutubu juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa uchawi. Aliuliza tu jambo ambalo kila mwenye macho aliliona. Simu inakatika, kipindi kinaisha, na Shula hakuokolewa. Mtunzi hatudanganyi kwamba swali moja linatosha. Lakini anatuonyesha swali lenyewe ni lipi, na kwamba wenye nguvu wanaliogopa.

Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa

Sasa tuje kwenye lugha, ambayo ndiyo mali ya mwalimu. Kifaransa cha magazeti ya Kinshasa kiliwaita watoto hawa kwanza enfants sorciers, yaani watoto wachawi. Baadaye watetezi waliona kosa, wakasema enfants dits sorciers, yaani watoto waitwao wachawi. Ni nafuu, lakini swali linabaki: waitwao na nani?

Kiswahili kina uwezo wa kulijibu swali hilo kwa sarufi yake. Linganisha sentensi hizi tatu. Mtoto mchawi ameokotwa sokoni. Mtoto anayesemekana kuwa mchawi ameokotwa sokoni. Mtoto aliyesingiziwa uchawi na mjomba wake ameokotwa sokoni. Sentensi ya kwanza imekwisha kutoa hukumu. Ya pili inajificha nyuma ya kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Maneno yamesemeka, lakini msemaji hayupo. Ya tatu inatumia kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ina nafasi ya na, na nafasi hiyo inadai ijazwe. Mara tu tunaposema aliyesingiziwa, msikilizaji anauliza na nani. Macho yanaondoka kwa mtoto na kumwelekea mkubwa. Ndiyo kusema, mwandishi wa habari anayejua sarufi ya lugha yake ameshaanza kumtetea mtoto kabla hajatoa hoja yoyote.

Wapo watakaopinga kwamba maneno hayamfikishi mtu popote, maana jamii inayoamini uchawi haitabadilika kwa viambishi. Wapo pia watakaosema kwamba kampeni haina budi kwanza kuthibitisha kuwa uchawi haupo. Tunawajibu kwamba sheria ya Kongo imeshika njia nyingine. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kuwatelekeza watoto na kuwatendea vibaya, na inalitaja waziwazi tendo la kuwatuhumu kwa uchawi. Sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009, katika kifungu cha 160, imeweka adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa anayemtuhumu mtoto hivyo. Sheria haikujitia katika mjadala wa kindoki. Imesema tu kwamba tendo la kutuhumu ni la mtu mzima, na mtu mzima atalijibu. Ni kauli ya kutendwa iliyotiwa katika katiba.

Sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, na mama wa kambo huenda hakisomi. Hapo ndipo redio ina kazi ambayo sinema haiwezi kuifanya. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na Fondation Hirondelle ya Uswisi, hutangaza kwa Kifaransa na pia kwa Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Redio haihitaji ukumbi wala tiketi. Husikilizwa jikoni, mahali ambapo tuhuma huzaliwa. Tena ina sifa moja ambayo watetezi wengi huisahau: haionyeshi uso. Picha ya mtoto akilia mbele ya kamera huvuta michango, lakini mtoto huyo atarudi mtaani kwao, na kila aliyeiona atamnyoshea kidole. Kampeni iliyomtoa katika tuhuma moja imemtia muhuri wa kudumu. Kwa hiyo uso na jina la mtoto visitolewe. Kitolewe kitendo, na sheria inayokikataza, na mahali pa kukimbilia.

Hata redio iliyo bora haitoshi peke yake. Kifafa kinataka dawa, yatima anataka ada na sahani, na mjomba anataka kazi. Kampeni inayowakemea wazazi bila ya kuutaja ufukara nayo imelisingizia jua. Lakini ufukara haumpi mtu ruhusa ya kumtoa mwana mlangoni. Maskini wengi wa Kinshasa hawakuwafukuza watoto wao, na hao ndio wanaostahili kusikika redioni kuliko wataalamu wote.

Tusijione tumepona

Mtanzania anayesoma haya asijikalie kwa raha. Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu ule ulitokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni. Wamewapikia watoto na wajukuu, kisha alama ya kazi yao ikafanywa kuwa alama ya hatia. Tangu miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo kwa imani ya utajiri wa uchawi, na waandishi wa habari wakahatarisha maisha yao kwa kuwafichua waganga waliohusika. Ni methali ile ile. Kinachobadilika ni nani aliyechaguliwa kuwa jua.

Mwalimu anaweza kuifanya kazi hii darasani bila ya kuwa na filamu hata moja. Wanafunzi wakusanye habari za magazeti zinazohusu tuhuma za uchawi, wapigie mstari kila kitenzi, waulize mtenda yuko wapi. Wakikuta inasemekana, waandike upya sentensi hiyo kwa kauli ya kutendwa, na wamtafute msemaji. Kisha waitafute sababu ambayo habari haikuitaja: ugonjwa gani, deni gani, shamba gani, urithi wa nani. Kazi hiyo ni ya sarufi na ya uraia kwa pamoja, na pengine katika darasa hilo hilo ameketi mtoto anayeishi kwa mjomba, ambaye hajamwambia mtu yeyote anaitwaje nyumbani.

Hitimisho

Tumeona kwamba tuhuma za uchawi dhidi ya watoto wa Kinshasa ni zao la miaka ya dhiki na wala si urithi wa mababu. Kwamba kioo cha televisheni kiliwashtaki kabla ya kuwatetea. Na kwamba filamu za utetezi zimefaulu kila zilipomwachia mtoto nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya mshtakiwa, na zimekosea kila zilipolichukua neno la mshtaki ili kuwashtua watu wa mbali. Sanaa haiwezi kumrudisha mtoto nyumbani kwa mkono wake. Inaweza kulipeleka swali mpaka jikoni, na kulisema kwa lugha ya jikoni, mpaka mtu mzima mmoja alijibu.

Mbaazi ukikosa maua, tuutazame udongo.